Bidoni la Mama Emérance

Mama Emérance Mujinga huandika. Kuna wanaosuka, kuna wanaoimba kwaya, kuna wanaokaa barazani wakitazama nani kapita na nani, yeye huandika. Ana madaftari kumi na mawili katika sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake mna siku mvua ya kwanza iliponyesha kila mwaka, kuku yupi alitotoa vifaranga wangapi, na meli ipi iliingia bandarini imechelewa, na kwa siku ngapi. Mume wake, Papa Banza, mstaafu wa reli, husema kwamba siku yeye mwenyewe atakapokaribia kufa hatahitaji kuungama, kwa sababu dhambi zake zote zimekwisha kuandikwa pamoja na tarehe.

“Na saa,” hujibu Mama Emérance, bila kuinua macho.

Alizaliwa Mpala, akasoma sekondari miaka minne, kisha akaolewa Kalemie. Sasa ana miaka hamsini na mmoja, miwani yenye mkono mmoja wa waya, na kazi anayoipenda kuliko anavyokubali kusema. Kila asubuhi hushuka hadi nyuma ya bohari la zamani, hatua chache kutoka kwenye reli, ambako wamama tisa hupika mchuzi wa pilipili na kuutia kwenye chupa. Mchuzi huo unaitwa Moto Kidogo. Jina lake ni la uongo, maana moto wake si kidogo hata kidogo, lakini watu wameuzoea. Wanaununua Kalemie, wanaununua Moba, na tangu mwaka jana kuna duka moja la Uvira linaloagiza chupa mia mbili kwa mara moja.

Kazi ya Mama Emérance si kupika. Kazi yake ni kupima uchachu.

Jambo hili lilianza na padri. Miaka sita iliyopita, wakati wamama walipokuwa wakipika kwa kukisia tu, chupa kadhaa ziliharibika na kujaa hewa kwenye rafu ya duka moja kule Moba. Padri aliingia kununua mishumaa akiwa amevaa kanzu nyeupe, mwenye duka akafungua chupa moja ili amwonjeshe, na kifuniko kikaruka hadi darini. Kanzu ile haikuwa nyeupe tena. Watu walicheka mwezi mzima. Lakini walionunua chupa za fungu lile waliumwa tumbo, mmoja wao vibaya sana, na wamama wa Moto Kidogo hawakucheka. Mwalimu mmoja wa mambo ya vyakula akaja kuwafundisha. Aliwaambia kwamba mchuzi wa chupa lazima uwe mchachu vya kutosha, la sivyo vijidudu hujenga mji humo ndani. Akawaachia kifaa kidogo kama kalamu nene, chenye kioo cha namba juu na kidude cha bilauri chini. Kifaa hicho husoma kile ambacho Wafaransa hukiita peashi.

Peashi ni rahisi ukishaielewa. Namba ikiwa ndogo, kitu ni kichachu. Ndimu iko kwenye mbili. Maji matupu yako saba. Ukipanda juu zaidi unaingia upande wa majivu na sabuni. Maji ya Tanganyika yako kwenye tisa hivi, jambo ambalo wageni hawaliamini, ingawa mama yeyote wa Kalemie aliyewahi kukwangua ukoko mweupe ndani ya birika lake anajua kwamba ziwa letu lina chokaa yake. Na mchuzi wa Moto Kidogo haupaswi kuvuka nne nukta mbili. Wamama huupika ufike tatu nukta tisa, wapate nafasi ya kupumua.

Mwalimu yule alipouliza nani atashika kifaa, wote walimwangalia Mama Emérance, kwa sababu ndiye aliyekuwa amemsahihisha mwalimu hesabu yake ubaoni. Tangu siku hiyo hakuna chungu kinachotiwa kwenye chupa kabla hajakipima, na hakuna chupa inayotoka bila herufi mbili kwenye karatasi yake, kwa wino wa bluu: E.M. Huziandika moja moja kwa mkono wake. Walipomletea muhuri wa mpira alishukuru, akauweka kwenye droo, akaendelea na kalamu.

Sasa, kifaa hicho kina tabia ya kusahau. Kikikaa siku chache huanza kusema namba za ovyo, basi lazima kikumbushwe. Kwa kukikumbusha kuna maji mawili maalumu. Moja liko kwenye nne kamili, jingine karibu na saba, na Mama Emérance huyaita walimu: Mwalimu wa Nne na Mwalimu wa Saba. Unakitumbukiza kifaa kwa mwalimu mmoja, unangoja namba itulie, unabonyeza, nacho kinajifunza: hapa ndipo saba. Halafu kwa mwingine: hapa ndipo nne. Baada ya hapo kinajua njia yote iliyobaki.

Walimu wenyewe huja kama unga katika vipakiti, na unga huo huyeyushwa katika maji yasiyo na kitu chochote ndani, yale yanayouzwa karibu na stesheni kwa ajili ya betri. Mama Emérance huyaweka katika bidoni jeupe la lita tano lenye maandishi MAJI YA MASHINE. Walimu wapya huwatengeneza kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, akitoka misa, kwa sababu anayeikumbuka Ijumaa ya kwanza kwa ajili ya Moyo Mtakatifu hawezi kuisahau kwa ajili ya pilipili.

Basi ilikuwa Jumatatu baada ya Ijumaa ya kwanza. Mama Fortunée, prezida wa wamama hao, aliingia akiwa na simu mkononi na kitenge kimekazwa kiunoni, dalili kwamba kuna habari. Mama Fortunée ni mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa, na moyo mwema ambao huchelewa kidogo kufika baada ya sauti.

“Muntu wa Uvira amepiga simu!” alisema. “Anataka chupa mia mbili, ziondoke na meli ya kesho kutwa, saa nne. Lakini anasema mara ya mwisho tulimpa mchuzi muchachu. Eti wateja wanakunja uso kama watoto wanaopewa kinini.”

“Ulikuwa tatu nukta tisa,” alisema Mama Emérance. “Nimeandika.”

“Sikuulizi umeandika nini, mama yangu. Pima hiki cha leo.”

Kwa kawaida, kila Jumatatu, baada ya kukikumbusha kifaa, Mama Emérance hupima kwanza vitu viwili anavyovijua kama anavyomjua mumewe: siki ya chupa ileile, na kikombe cha maji ya ziwa. Siki ikisema mbili na nusu na ziwa likisema tisa, anaanza kazi. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Ni desturi yake mwenyewe. Lakini Jumatatu hiyo Mama Fortunée alikuwa amesimama nyuma yake akihema, naye akaruka desturi yake. Aliandika kwenye daftari, kwa sababu hata makosa yake huyaandika: *Sikupima siki. Haraka.*

Akachota mchuzi, akaupoza, akatumbukiza kifaa. Tatu nukta tano.

“Unaona!” Mama Fortunée alipiga makofi. “Muchachu! Muntu wa Uvira hakusema uongo. Mashine hii hailali, haizeeki, haina shemeji. Ndimu zipunguzwe. Kesho, badala ya sitini kwa chungu, tieni arobaini na tano, kisha tuone.”

Mama Emérance aliitazama ile namba. Chungu kilikuwa na ndimu sitini, nyanya zilezile za sokoni, mpishi yuleyule. Daftari lilikuwa na vyungu mia nne vya namna hiyo, na hakuna hata kimoja kilichowahi kufika tatu nukta tano. Lakini daftari halina kioo cha kumetameta, na prezida alikuwa ameshatoka nje akipiga simu Uvira.

*

Jumanne vyungu viwili vikapikwa kwa ndimu arobaini na tano. Hadi saa sita mchana vilikuwa tayari, vikisubiri juu ya moto mdogo, na chupa mia mbili zimepangwa mezani kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mama Emérance akapima. Tatu nukta tisa. Kingine: tatu nukta tisa.

“Hiyo njo ileile unayoipenda,” alisema Mama Fortunée. “Sasa andika herufi zako, tuanze kujaza.”

Mama Emérance alichukua kijiko, akaonja. Akaonja tena kutoka chungu cha pili. Pilipili ilikuwepo, nyanya ilikuwepo, chumvi ilikuwepo. Lakini kile kitu kinachouma pembeni mwa taya, kile kinachokufanya umeze mate hata kabla hujaonja, kilikuwa kimelegea.

“Siandiki,” alisema.

Mama Pélagie, mkataji vitunguu, ambaye kwa kawaida hulia tu kwa sababu ya kazi, alifuta macho ili aone vizuri.

“Husemi kweli,” alisema Mama Fortunée.

“Mchuzi huu hauna ndimu ya kutosha. Ulimi wangu unakataa.”

“Ulimi wako! Ulimi wako una miaka hamsini na mmoja, mama, na umekula sombe ya pilipili maisha yote. Umekwisha kuungua zamani! Mashine inasema tatu na tisa, kaye yako ya kuandikia inasema tatu na tisa njo sawa, wewe mwenyewe njo umetufundisha tatu na tisa. Sasa mashine imesema, unaikataa?”

“Ninaikataa leo tu.”

“Kwa nini leo?”

“Hicho ndicho sijui.”

Mama Fortunée alivuta pumzi ndefu, na wote wakajua kwamba sauti inakuja. Lakini haikuja. Alisema polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Sikiliza, Mama Emérance. Meli iko kesho saa nne. Uvira ikituacha, haturudi tena kule. Nikikuambia andika na hutaki, nitampa Laure ile kalamu na ile mashine, ataandika yeye, na herufi zitakuwa za kwake. Sikufukuzi. Lakini kazi haiwezi kungojea ulimi.”

Mama Emérance alihisi masikio yake yakipata moto. Hakuogopa kumpa Laure kalamu. Laure, mbandikaji wa karatasi za chupa, ni mwanamke mwenye akili. Aliogopa kitu kingine. Watu wa Uvira wangefungua chupa hizo baada ya wiki tatu, nne, wakiziamini kwa sababu Moto Kidogo ni Moto Kidogo, na kule hakuna padri wa kuwachekesha. Na kama yeye ndiye aliyekosea, ikiwa ulimi umezeeka kweli, basi madaftari yote kumi na mawili ni kelele za mzee.

“Nipe hadi saa kumi,” alisema.

“Saa tisa.”

“Saa kumi kasorobo.”

“Eeh, muntu huyu! Haya. Saa kumi kasorobo. Moto usizimwe.”

*

Mama Emérance alikwenda kwenye kimeza chake kando ya dirisha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafanya kile ambacho angefanya Jumatatu kama asingeharakishwa. Akapima siki.

Siki ilisema moja nukta tisa. Mwaka mzima, kila Jumatatu, siki ya chupa hiyo imesema mbili na nusu.

“Aha,” alijisemea. Kifaa kinaona kila kitu ni kichachu kuliko kilivyo. Basi na ziwa kitalivuta chini vilevile. Akatumbukiza kwenye kikombe cha maji ya ziwa, tayari kuandika nane na kitu.

Tisa nukta mbili.

Akakitoa kifaa, akakisuuza, akarudia. Tisa nukta mbili. Ziwa halikushuka, lilipanda.

Hapo akaweka kalamu chini. Kama kifaa kingekuwa kimeshuka tu, kingeshusha kila kitu. Lakini hiki kilikuwa kama yule shangazi anayesimulia harusi: mfupi akawa mbilikimo, mrefu akawa mnazi. Kichachu amekiongezea uchachu, na cha upande wa pili amekisukuma mbali zaidi. Kifaa kilichoharibika hakifanyi hivyo kwa utulivu namna hii, huku namba zikisimama imara bila kutetemeka. Kifaa hiki kilikuwa kizima. Kilikuwa kimefundishwa vibaya.

Walimu, basi. Akachukua vipakiti vitupu kutoka kopo la takataka, ambalo yeye hulimwaga mwisho wa mwezi tu kwa sababu kama hizi. Tarehe: bado mwaka na nusu. Unga: wote, maana alikuwa ameung'uta. Kipimo cha maji: robo lita, kwenye chupa yenye mstari. Kilichobaki kilikuwa maji.

Akalitazama bidoni jeupe, pale pale kwenye kona yake. Limejaa hadi shingoni, safi, angavu. Akakumbuka kitu, akafungua daftari. Mwezi uliopita: *Bidoni, nusu.* Ijumaa alipotengeneza walimu lilikuwa limejaa, na alikuwa ametoka misa akifikiri juu ya kwaya iliyopotea katika ubeti wa pili. Hakujiuliza.

Pale nje Mama Henriette alikuwa na mbabula ya makaa ambayo juu yake alikuwa akichoma mahindi yake ya mchana. “Nisogezee hindi moja,” alisema Mama Emérance, akatia kijiko cha bati juu ya makaa, na ndani yake kijiko cha maji ya bidoni.

“Unapika supu gani hiyo, mama?”

“Supu ya kweli.”

Maji yalichemka, yakarukaruka, yakakauka. Kijikoni kikabaki kiduara cheupe, kama chaki iliyopanguswa na mkono wenye jasho. Mama Henriette aliinama.

“Hicho si ukoko wa birika?”

“Njo ukoko wa birika,” alisema Mama Emérance, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akatabasamu. “Nani ametia ziwa ndani ya bidoni langu?”

*

Swali hilo lilipita karakana yote, na jibu likaja lenyewe likipiga mluzi. Omer alikuwa akirudi kutoka bandarini na pikipiki yake ya magurudumu matatu. Ni dereva wa wamama, na pia ndiye anayetunza betri za umeme wa jua zilizoko juu ya bohari. Mwanamume wa miaka arobaini, mnene kidogo, mwenye adabu ya kupindukia. Hata akimkanyaga mbuzi huomba radhi.

“Bidoni jeupe?” alisema, uso ukiangaza. “Ah, hiyo njo mimi, Mama. Wiki iliyopita umeme ulipokatika siku mbili, betri zilikuwa na kiu. Na wewe hukuwepo. Nikaona pale maji ya betri, nikachukua. Samahani sana, nilitaka kukuambia, ikanipita.”

“Ulichukua yote?”

“Yote, Mama. Betri zilikunywa kama harusi.”

“Na bidoni lilijaaje?”

Omer alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini huvaa suruali. “Nililijaza, Mama! Sasa nitarudishaje chombo cha mama kikiwa kitupu? Bibi yangu, Muholoholo wa kabila, angetoka kaburini anichape. Chombo cha jirani ukikiazima kikiwa na chumvi, unakirudisha hata na majani ya mti. Kitupu hakirudi!”

“Omer,” alisema Mama Emérance polepole, “ulilijaza maji gani?”

“Si ya hapa pwani, usiogope! Pwani watu wanafua.” Alijinyoosha. “Nilipanda mtumbwi wa binamu yangu hadi mbali, mbali kabisa, pale ambapo unaona mkono wako chini ya maji kama uko kwenye kioo. Nikachota. Halafu nikapitisha kwenye kitambaa cha mke wangu, kile kipya cha Pasaka. Mara mbili. Maji kama hayo hata Askofu angekunywa.”

Mama Pélagie alianza kucheka, halafu Mama Henriette, na baada ya muda mfupi wamama wote walikuwa wameshika meza na mbavu. Omer alicheka pia kwa adabu, bila kujua ni kwa nini. Mama Fortunée peke yake hakucheka. Alikuwa akiangalia vyungu vyake viwili.

“Basi ile mashine,” alisema, “imefundishwa na ziwa.”

“Imefundishwa na walimu waliokunywa ziwa,” alisema Mama Emérance. “Mwalimu wa Saba ni mgumu, amejikaza kidogo. Lakini Mwalimu wa Nne amelewa. Alikuwa anajiita nne, kumbe amepanda juu huko. Na mashine imemwamini.”

“Na mchuzi wangu?”

“Bado sijui. Omer, nenda stesheni. Chupa mbili za maji ya betri, zenye kifuniko kisichofunguliwa. Na haraka.”

Omer alikwenda kwa mwendo ambao pikipiki ile haikuwahi kuuonyesha. Aliporudi, Mama Emérance hakumpokea kwa asante tu. Alichukua kijiko, akakikwangua, akachemsha kwanza maji ya chupa moja, kisha ya nyingine. Yote yalikauka bila kuacha kitu. Bati lilibaki linang'aa. Ndipo akasema asante.

Vipakiti vilikuwa vimebaki viwili, kimoja cha kila mwalimu. Wamama walimzunguka. Aliyeyusha unga wa Saba katika glasi moja na wa Nne katika glasi nyingine, akakoroga hadi usionekane hata punje, akazisogeza kivulini zipoe sawasawa na hewa ya chumba, kwa sababu mwalimu mwenye homa hafundishi vizuri. Akakisuuza kifaa, akakigusisha kitambaa laini bila kukisugua. Akakitumbukiza kwenye Saba. Namba zilitangatanga, zikapunguza mwendo, zikatulia. Akahesabu hadi thelathini, akabonyeza. Akasuuza. Akagusisha. Nne. Namba zilitangatanga tena.

“Bonyeza basi!” alinong'ona Mama Fortunée.

“Kumi na saba, kumi na nane,” alisema Mama Emérance.

Akabonyeza kwenye thelathini. Kisha siki: mbili nukta tano. Ziwa: tisa kamili. Akaziandika zote mbili kabla ya kufanya jambo jingine, na wakati akiandika Mama Fortunée alikuwa amechukua kijiko mwenyewe, akachota mchuzi kutoka chungu cha kwanza, akaupuliza upoe kama anayemlisha mtoto, akamletea.

Nne nukta tatu.

Chungu cha pili: nne nukta tatu.

Kila mmoja alikuwa akiona kifuniko kikiruka, isipokuwa safari hii hakuna dari, wala padri, ni meza ya watu wa Uvira wasiowajua, na watoto wao.

“Saa ngapi?” aliuliza Mama Fortunée.

“Saa kumi kasoro dakika tano,” alisema Mama Emérance. “Nimepitisha dakika kumi.”

“Andika dakika hizo kwangu.” Na Mama Fortunée akafungua kitenge, akakikaza upya, akatoka nje. Sauti ile ya kuita mitumbwi ilisikika kuanzia bohari hadi ng'ambo ya reli: “Ndimu! Nani ana ndimu! Mama Clémence, ule muti wako wa nyuma ya nyumba uko na ndimu? Nakuja na kikapu!” Katika nusu saa alirudi na ndimu zaidi ya hamsini, majani mawili kwenye nywele, na mkwaruzo mkononi. Walikamua wote, hata Omer, ambaye alikamua kuliko wote kwa sababu ya dhamiri. Vyungu vikachemshwa upya. Mama Emérance akapima kila kimoja mara tatu.

Tatu nukta tisa.

Alionja pia. Pembeni mwa taya, palepale, mate yakamjaa.

Kisha akavuta rundo la karatasi, akafungua kifuniko cha kalamu, akaanza: E.M., E.M., E.M. Laure alikaa kando yake akibandika. Walipofika karatasi ya mia na hamsini hivi Mama Fortunée alikuja, akasimama nyuma yake tena, lakini safari hii bila kuhema.

“Muntu wa Uvira atasema ni muchachu,” alisema.

“Atasema.”

“Nitamwambia ale na ugali mukubwa.” Akalisawazisha rundo la karatasi. “Ulimi wako, mama. Uutunze.”

Meli iliondoka Jumatano, saa sita badala ya saa nne. Mama Emérance aliiandika.

*

Kwa wiki moja Omer alipita kando ya ukuta kama paka aliyevunja sahani. Mama Emérance hakumkasirikia. Alijua kwamba mtu asiye na adabu angeacha bidoni likiwa tupu, na Ijumaa ile yeye mwenyewe angeliona tupu, akanunua maji mengine, na pasingetokea lolote. Alifikiri juu ya jambo hilo kwa muda mrefu, lakini hakuliandika, kwa kuwa hakujua aliweke chini ya tarehe gani.

Alichofanya ni kununua mabidoni mawili. La bluu alimpa Omer kwa ajili ya betri zake. Jeupe akaliwekea maandishi mapya, herufi kubwa, wino usiofutika:

MAJI YA MASHINE. UKIYACHUKUA, BIDONI HILI LIRUDISHWE TUPU.

Omer alisoma mara mbili. “Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “mambo haya huwezi kumwandikia muntu hadharani. Watu watasema mimi sikulelewa.”

“Nitawaambia umelelewa.”

“Tupu kabisa?”

“Tupu na kavu.”

Haikupita miezi miwili, betri zikapata kiu tena, na bidoni la bluu lilikuwa limeisha maji. Omer aliomba ruhusa, akapewa, akachukua jeupe. Alilirudisha jioni hiyohiyo, amelifunika kwa koti lake ili majirani wasimwone akirudisha chombo cha mama kikiwa kitupu. Alilitua juu ya kimeza, akaligeuza kichwa chini mbele ya macho ya mama, hata tone halikutoka. Mama Emérance aliitikia kwa kichwa.

Ndipo akaona kwamba kwenye mshikio wa bidoni, kwa nje, pamefungwa kifurushi cha jani la mgomba, na ndani yake ndakala, wale dagaa wa ziwani, wakavu, wadogo, wanaong'aa, wa kutosha kwa chakula cha watu wawili.

Omer alikuwa ameshafika mlangoni. “Bidoni liko tupu!” alisema bila kugeuka. “Mama aliandika bidoni tu!”

Mama Emérance alivuta daftari, akaandika tarehe. *Bidoni limerudi. Tupu, kavu.* Akafikiri kidogo, akaongeza: *Ndakala, kifurushi kimoja.* Kisha akakifungua kifurushi hicho ili kwenda kumpikia Papa Banza, na siku hiyo, kwa makusudi, aliweka ndimu mbili badala ya moja.